Feni Zinazunguka, Skrini Haionyeshi Kitu: Tatizo Liko Wapi?

SWALI: "Habari za kazi, mtaalamu. Nimeunganisha kompyuta yangu ya kwanza kwa mikono yangu. Prosesa ni Ryzen 5 5600 mpya, mazabodi ni B450 ya mtumba niliyonunua Kariakoo, RAM ni DDR4 mbili za GB 8, kadi ya picha ni GTX 1660 Super ya mtumba, pawa saplai ni ya wati 550. Nikibonyeza kitufe, feni zote zinazunguka na taa za rangi zinawaka, ila skrini inaandika haipati mawimbi, kisha inalala. Kibodi haiwaki taa. HDMI nimeichomeka nyuma, pale juu karibu na matundu ya USB. RAM nimezitoa na kuzirudisha, hakuna mabadiliko. Rafiki yangu anasema ni kwa sababu sijaweka Windows. Fundi mmoja ameiangalia akasema mazabodi imeungua kwa kuwa sikuvaa mkanda wa kuzuia umemetuli, ninunue nyingine. Je, ni kweli? Sitaki kutupa pesa mara mbili."

JIBU: Pole kwa usumbufu, na hongera kwa kuthubutu. Kwa dalili ulizoandika, sioni sababu ya kununua mazabodi nyingine sasa hivi. Ninachokiona ni mambo mawili ambayo huenda yametokea kwa pamoja, na hakuna hata moja linalohitaji kifaa kipya. Waya wa HDMI umeuchomeka mahali pasipoweza kutoa picha, na prosesa iliyotoka mwaka 2022 umeiweka kwenye mazabodi ya kizazi kilichoingia sokoni mwaka 2018. Inawezekana mazabodi hiyo haijui kabisa kwamba prosesa kama yako ipo.

Kabla ya hapo, tuwamalize washauri wako. Rafiki yako amekosea. Windows hukaa kwenye diski, lakini nembo ya mtengenezaji na ukurasa wa BIOS, yaani programu ya mazabodi inayoiamsha kompyuta, hutoka kwenye chipu ndogo iliyochomelewa juu ya mazabodi yenyewe. Kompyuta nzima isiyo na diski hata moja bado huonyesha picha, halafu hulalamika kwa maandishi kwamba haikupata pa kuwakia. Kwa hiyo diski yako, kama ni SSD au nyingine, unaweza kuichomoa kabisa wakati wa uchunguzi.

Fundi naye ana nusu ya ukweli. Umemetuli, yaani umeme unaojikusanya mwilini, unaweza kuua kifaa, ndiyo maana inashauriwa kushika bati la kasha kabla ya kugusa RAM au prosesa. Lakini hauachi alama ya kuonekana kwa macho, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kuitazama mazabodi tu akajua imeuawa na umemetuli. Na kwa hewa ya Dar ilivyo na unyevu, ajali hizo ni chache kuliko kwenye nchi za baridi kavu. Kipimo cha kweli ni kuweka kifaa kinachojulikana kuwa kizima mahali pa kile kinachoshukiwa, kisha kuona kama hali inabadilika. Kama fundi hakufanya hivyo, alichokupa ni kisio.

Sasa hizo feni. Watu wengi huona feni zinazunguka wakaamua kwamba umeme uko sawa na mazabodi ni nzima. Ni kama kuona moshi jikoni ukasema ubwabwa umeiva. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, pini mbili za mazabodi zinagusana kwa muda mfupi. Mazabodi inaushusha waya wa kijani wa pawa saplai hadi sifuri, na hiyo ndiyo amri ya kuamka. Pawa saplai inatoa volti 12, 5 na 3.3, halafu kwa sehemu ya sekunde tu baadaye inatuma ishara kwamba umeme umetulia. Feni hula volti 12 moja kwa moja, hivyo huanza kuzunguka papo hapo, kabla prosesa haijasoma herufi moja. Baada ya hapo ndipo saketi zilizo pembeni ya prosesa zinapoishusha ile volti 12 hadi kufikia takriban volti 1, prosesa inaachiliwa ianze kazi, inasoma BIOS, inaipima RAM, inaamsha kadi ya picha, na mwisho kabisa inatafuta diski. Picha ni jambo la karibu na mwisho. Kompyuta yako imekwama mahali fulani kati ya feni na picha, na uchunguzi wote ni kutafuta ni hatua ipi.

Anza na waya wa HDMI, maana ni bure. Ryzen 5 5600 haina sehemu ya kutengeneza picha ndani yake. Ile iitwayo 5600G inayo, na herufi hiyo moja imewapoteza wengi dukani. Tundu la HDMI lililo juu, karibu na USB, ni la mazabodi na hutegemea picha kutoka kwenye prosesa, kwa hiyo kwako ni tundu lisilo na kazi hata kama kila kitu kingine ni kizima. Shusha waya kwenye matundu ya GTX 1660 Super, yale yaliyo chini zaidi na yamelala kwa mlalo. Hakikisha pia monita imechaguliwa ingizo la HDMI hiyo hiyo. Kadi hiyo huhitaji umeme wake wa pembeni kutoka pawa saplai, kwa kawaida plagi moja ya pini 8. Bila plagi hiyo haitafanya kazi ipasavyo.

Washa, subiri dakika mbili, kisha tumia kibodi ya waya yenye taa ya Num Lock na ubonyeze kitufe hicho mara kadhaa. Taa ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, prosesa na RAM zinafanya kazi na tatizo limebaki kwenye kadi, waya au monita. Ikibaki kimya kabisa, kama unavyosema ya sasa ilivyo kimya, basi mashine imekwama mapema zaidi na tunaendelea.

Zima, weka swichi ya pawa saplai kwenye O, chomoa waya wa ukutani, halafu tazama pembe ya juu kushoto ya mazabodi. Pale kuna tundu la pini 8 la umeme wa prosesa, wakati mwingine la pini 4. Hili husahaulika kuliko kitu kingine chochote kwa sababu limejificha nyuma ya kipoza joto, na ukilisahau dalili ni hizi hizi zako: feni zote zinazunguka, picha hakuna. Plagi yake imeandikwa CPU na hugawanyika kuwa nne na nne. Ile ya kadi ya picha imeandikwa PCIe na hugawanyika kuwa sita na mbili. Zinafanana, lakini upande wenye volti 12 kwenye moja ni upande wa ardhi kwenye nyingine. Maumbo ya pini zake yametofautishwa makusudi ili zisiingiliane, kwa hiyo plagi ikigoma usiilazimishe. Kubwa ile ya pini 24 nayo isukume hadi kibanio chake kilie "ta". Mara nyingi huonekana imeingia kumbe imebaki milimita mbili.

Na kama pawa saplai yako ni ya mtumba yenye waya za kuchomoa pande zote mbili, usitumie waya za pawa saplai nyingine hata kama plagi inaingia vizuri. Upande wa mazabodi mpangilio ni wa kawaida duniani kote, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga anavyotaka. Waya mmoja wa kuazima unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5 na kuua SSD na mazabodi kwa pamoja.

Tufike sasa kwenye kile ninachokishuku zaidi, yaani BIOS ya zamani. Mazabodi ya B450 iliyotoka kiwandani mwaka 2018 au 2019 ina programu iliyoandikwa kabla ya familia ya Ryzen 5000 kutangazwa. Soketi, yaani kikalio cha prosesa, ni ya aina ile ile iitwayo AM4, prosesa inaingia vizuri, umeme unafika, feni zinazunguka, lakini programu haina maelekezo ya kuiamsha prosesa hiyo. Inabaki imekaa kimya. Mazabodi si mbovu na prosesa si mbovu; hazijakutana kwa lugha moja tu. Muuzaji anaweza kukuapia kwamba aliipima na asiwe mwongo, maana huenda aliipima kwa prosesa ya zamani.

Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta jina la mazabodi yako hadi herufi ya mwisho, pamoja na namba ya toleo iliyochapishwa juu ya ubao kama ipo. Fungua orodha ya prosesa inazokubali. Mbele ya Ryzen 5 5600 utaona inahitaji BIOS ya kuanzia toleo gani. Mazabodi nyingine zina kijikaratasi juu ya chipu ya BIOS kinachoonyesha toleo la kiwandani, lakini kama mwenye nayo wa kwanza alishaisasisha, hicho hakikuambii kitu.

Kisha angalia nyuma, kwenye matundu. Kuna kitufe kidogo kimeandikwa Flash BIOS, BIOS Flashback au Q-Flash Plus? Kama kipo, umepona. Pakua BIOS mpya ya modeli hiyo hiyo, ifungue kutoka kwenye faili la zip, inakili kwenye flashi ndogo iliyofomatiwa kwa FAT32 bila kitu kingine ndani. Mazabodi za MSI hutaka faili liitwe MSI.ROM, za Gigabyte hutaka GIGABYTE.bin, na za Asus huja na kijiprogramu cha kubadili jina. Chomeka flashi kwenye tundu la USB lililowekewa alama, si lolote lile. Acha plagi ya pini 24 na ya pini 8 tu, washa swichi ya pawa saplai lakini usiwashe kompyuta, halafu bonyeza kitufe hicho kwa sekunde tatu hadi tano mpaka taa ianze kupepesa. Kazi huchukua dakika kadhaa. Taa ikizimika mapema sana, ndani ya sekunde chache, maana yake faili halikusomwa: jina limekosewa, flashi haikubaliki, au umechukua BIOS ya modeli jirani. Jaribu flashi nyingine, ikiwezekana ya USB 2.0.

Wakati huo umeme usikatike. Kama mtaani kwenu umeme ni wa kuja na kuondoka, azima UPS hata kwa saa moja. BIOS iliyokatika katikati huacha mazabodi isiyowaka kabisa. Yenye kitufe hicho mara nyingi unaweza kuirudia tu. Isiyo nacho itakupeleka kwa fundi.

Kama kitufe hakipo, njia ya uhakika ni kuazima prosesa ya zamani inayokubaliwa na kila B450 tangu mwanzo, kama Ryzen 5 2600. Usiazime 3600 kwa ajili ya hili, kwa sababu ilitoka 2019 nayo huenda ikahitaji BIOS mpya kuliko iliyomo. Weka 2600, acha kadi yako ya picha mahali pake, washa. Picha ikija, umepata majibu mawili kwa mpigo: mazabodi haikuungua, na BIOS ndiyo iliyokuwa tatizo. Ingia ndani yake na uisasishe ukiwa na prosesa hiyo, kisha rudisha ya kwako.

Ila angalia unapotoa kipoza joto. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa, si kwenye soketi, na pesti inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto hugeuka gundi. Ukivuta kwa nguvu, prosesa hung'oka pamoja na kipoza joto huku soketi ikiwa imefungwa, na pini hupinda. Zungusha kipoza joto kidogo kidogo kulia na kushoto hadi kilegee ndipo ukiinue. Kabla ya kurudisha prosesa, igeuze chini ya taa na utazame safu za pini kwa upande. Iliyopinda hujitenga na mstari wa wenzake. Ncha tupu ya penseli ya kubonyeza ya 0.7 huinyoosha taratibu. Ikikatika, hapo ni habari nyingine. Pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona ya prosesa ikae juu ya pembetatu ya soketi, idondoke yenyewe bila kusukumwa. Futa pesti ya zamani kwa spiriti na uweke mpya, punje moja ya ukubwa wa njegere inatosha.

Ikiwa BIOS ni sahihi na bado giza, toa mazabodi yote kwenye kasha. Ilaze juu ya boksi lake la karatasi ngumu. Usiilaze juu ya ule mfuko wa kung'aa iliyokuja nao, maana una tabaka la metali linaloweza kupitisha umeme. Bakiza prosesa na kipoza joto chake, RAM moja, kadi ya picha na plagi za umeme. Hakuna diski, hakuna waya za mbele ya kasha, hakuna taa. Ili kuwasha, gusisha pini mbili zilizoandikwa PWR_SW kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Volti zake ni ndogo, haziumizi. Ikiwaka nje na kugoma ndani ya kasha, kuna shoti. Mhusika wa kawaida ni kinguzo cha shaba cha kubebea mazabodi kilichobaki mahali pasipo na tundu la skrubu, kikigusa mgongo wa mazabodi. Mwingine ni ulimi wa bati la nyuma uliopindia ndani ya tundu la USB.

Hiyo RAM moja iweke kwenye tundu la pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ambalo kwa kawaida huitwa A2. Zikiwa mbili hukaa la pili na la nne. Isukume kwa vidole gumba pande zote mbili hadi ilie. Mazabodi nyingi zina kibanio upande mmoja tu na upande mwingine hudanganya. Kama RAM ni ya mtumba, pitisha kifutio safi cha penseli juu ya meno yake ya dhahabu na upulize mabaki. Jaribu moja, kisha nyingine, kwenye tundu lile lile, ili ujue ukibadilisha kitu kimoja ni kipi kilicholeta mabadiliko.

Vilevile toa betri bapa ya CR2032 kwa dakika tano huku umeme umechomolewa, ili mipangilio ya mwenye nayo wa zamani ifutike. Kwenye mita ya kupimia volti isome karibu volti 3. Ikiwa chini sana ya hapo, weka mpya, ni vitu vya bei ndogo.

Kwenye mazabodi nyingi kuna taa nne ndogo kando ya plagi ya pini 24: CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha) na BOOT (diski). Inayobaki imewaka ndiyo hatua iliyokwama. Ikibaki CPU, fikiria BIOS, plagi ya pini 8 au pini iliyopinda. Ikibaki VGA, ni kadi ya picha. Kama ya kwako haina taa, nunua kijispika cha kuchomeka kwenye pini za SPEAKER na usikilize milio, kisha uilinganishe na kitabu cha mazabodi yako, kwa sababu maana za milio hutofautiana.

Pawa saplai sijaishuku sana kwa kuwa feni zinazunguka bila kukatika. Ingekuwa inawaka sekunde moja na kuzimika, ningeanza nayo. Ila kama ina swichi ndogo nyekundu nyuma, isome 230. Ikiwekwa 115 kwenye umeme wetu hulipuka, wala haikupi nafasi ya pili. Ukiwa na mita, nyaya za njano zisome kati ya volti 11.4 na 12.6 kompyuta ikiwa imewashwa. Usiifungue kamwe, ndani kuna kapasita, yaani vihifadhi umeme, zinazobaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa.

Nenda kwa fundi, tena mwingine, ukiona kapasita iliyovimba, ukisikia harufu ya kuungua, pini ikikatika, au ukikosa kabisa prosesa ya kuazima. Mwenye kifaa cha kuandikia chipu anaweza kuweka BIOS moja kwa moja bila prosesa. Muulize kabla hajaanza kama ana adapta ya volti 1.8, kwani mazabodi nyingi za AM4 hutumia chipu za volti hiyo, na kifaa cha bei rahisi hutoa 3.3. Akishangaa swali, chukua mazabodi yako uondoke nayo.

Picha ikija mara ya kwanza, usishtuke ukikuta maandishi meupe ya Kiingereza yanayotaja fTPM (sehemu inayotunza funguo za usalama ndani ya prosesa) na kukutaka ubonyeze Y au N. Ni kawaida mazabodi ikikutana na prosesa mpya. Kwa kuwa huna Windows ya zamani iliyofungwa kwa ufunguo, bonyeza Y. RAM zako pia zitaonekana zinakwenda 2133 au 2666 badala ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Ziache hivyo hadi Windows iingie na mashine itulie siku moja mbili, ndipo uwashe XMP, mpangilio wa BIOS unaoziendesha RAM kwa kasi hiyo ya kwenye boksi.